Siku Tatu Kwenye Ua wa Watawa

Jayesh alikuja kwangu Tongaren mwezi uliopita, amepakiwa kwenye bodaboda, kavaa sweta ya kahawia na viatu vya mtu anayetembea sana. Sikumtambua. Nilidhani ni mmoja wa wale madalali wanaokuja kununua mahindi yakiwa bado shambani, na jibu la kumfukuza nilikuwa nalo mdomoni. Akasimama karibu na kibanda cha kuku akasema, "Nekesa, umezeeka bana." Nikamjibu, "Na wewe je, ulikuwa kwenye friji?" Kisha nikaketi papo hapo juu ya kinu kilicholazwa. Alikuwa amekuja Kitale kuchoma maiti ya baba yake mdogo, kama desturi yao Wahindu ilivyo, na mzee huyo ndiye aliyekuwa wa mwisho wa ukoo wao kubaki mjini. Duka lao siku hizi linauza simu. Aliniambia hayo akila ugali na mrenda kwa mkono, vizuri kabisa, bila kujimwagia kifuani, nami nikawa nangoja. Hakuna mtu anayevuka bahari kwa ajili ya mrenda. Nilijua amekuja na swali, na swali lenyewe nilikuwa nalijua tangu mwaka wa themanini na nane. Lakini kabla sijalitaja lazima niueleze mwaka huo, maana ukilisikia likiwa kavu utanihukumu vibaya. Pengine utanihukumu hata hivyo.

Habari za wazazi wangu na za jinsi nilivyofika mjini si za leo. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na tisa kati ya hiyo nilikuwa nimeimaliza jikoni mwa nyumba moja ya Wahindi pale Kitale, nyuma ya duka la mbegu, mbolea na dawa za ng'ombe. Jikoni mle mlikuwa na dirisha moja lililotazama uani, sinki ya saruji iliyomeguka pembeni, na rafu ya mikebe ya bizari iliyopangwa hivi kwamba Mama Jayesh angeweza kuchukua anayoitaka bila kutazama. Afadhali, kwa sababu ugonjwa wa sukari ulikuwa unamla macho. Nyama haikuingia mle, wala yai. Nilijifunza kupika dengu na mchele, chapati nyembamba za kuonyesha mkono upande wa pili, na achari ya ndimu ambayo hata wao walikiri nawashinda. Sista mmoja wa hospitalini akanifundisha kumdunga Mama sindano zake asubuhi na jioni. Tulikuwa tunagombana kila siku, mimi na yeye, kuhusu chumvi, kuhusu sabuni, kuhusu redio yangu. Nilimpenda kuliko nilivyotaka kumpenda tajiri.

Mumewe alikuwa ameshafariki. Mtoto alikuwa mmoja tu, Jayesh, na tangu amalize shule alikuwa anakalishwa dukani kila siku kwenye kiti cha marehemu baba yake, baba mdogo akimsimamia kama askari jela. Kuna jambo lilitokea ambalo tulilijua wawili tu. Mchana mmoja nilienda stoo kutafuta mchele nikamkuta sakafuni kati ya magunia ya mbolea, amekunywa kitu ambacho hakikutengenezewa binadamu, kwa makusudi, akiwa na miaka ishirini na moja. Nilimwokoa, na jinsi nilivyomwokoa nitaiacha. Alipopata sauti, neno la kwanza lilikuwa, "Usimwambie Mama." Nikamwambia Mama ni tumbo, amekula samosa za stendi. Mama akanifokea mimi, eti kwa nini namwacha mtoto ale vitu vya stendi. Mwaka uliofuata Jayesh akapelekwa India kusomea ufamasia, barua zikaja, zikapungua, kisha zikakoma. Mwezi wa tatu wa mwaka wa themanini na nane ikaja moja yenye mistari minne. Yuko kwa watawa wa Kibudha, milimani, upande wa Ladakh. Ana amani. Wasimtafute. Jina la nyumba ya watawa hakuliandika.

Jioni hiyo hiyo baba mdogo alikuja kutoka Bungoma, alikokuwa na duka lake la pili. Walizungumza sebuleni kwa Kigujarati, mimi nikiwa jikoni nasugua sufuria, na wao walisahau kwamba mtu hawezi kukaa miaka tisa nyuma ya mlango bila kujua lugha inayopita chini yake. Baba mdogo alisema mtoto amepotea, aachwe. Mama akasema, "Nani atawasha moto wangu?" Kwao mtoto wa kiume ndiye huuwasha moto wa mama yake, na mama asiye na mtu wa kuuwasha huona kana kwamba ameishi bure. Nilielewa sana. Hata kwetu Wabukusu maiti ya mama hulazwa ikangoja mwanawe afike, hata kama anatoka Mombasa. Baba mdogo akauliza, "Huoni hata mlango, utakwenda milimani na nani?" Mama akajibu, "Na Nekesa." "Na mfanyakazi?" "Ndiyo," akasema Mama, "wewe nani alikuuliza?" Nikaendelea kusugua sufuria iliyokuwa imetakata kitambo.

Kaka yangu alipoona pasipoti yangu aliishika kwa ncha za vidole. "Ati unaenda India? Wewe utauzwa huko, si ukumbuke nilikuambia." Tulisafiri mwezi wa saba. Kutoka Delhi, ambako joto lilinifanya nitamani kuvua ngozi, tukapanda ndege iliyotutua Leh, mahali pakavu, penye milima isiyo na hata kichaka, na theluji juu yake. Mimi ni mtu wa kuuangalia Mlima Elgon kila asubuhi nikidhani huo ndio mlima. Pale tulipotua, chini kabisa bondeni, tayari tulikuwa juu karibu sawa na mianzi ya Elgon inapoishia. Siku mbili za kwanza kichwa kiliniuma hadi nikawa namchukia kila mtu. Mama hakulalamika. Alikodi jipu na dereva, kijana wa huko aitwaye Tashi, aliyejua Kihindi, na kazi ikaanza ya kuzunguka nyumba za watawa, moja baada ya nyingine.

Watu wakisikia niliwahi kwenda kwenye nyumba hizo wanataka niwaeleze uzuri. Uzuri ulikuwepo, sitakataa. Ziko juu ya majabali, nyeupe, zimebandikwa moja juu ya nyingine, na ndani kuna giza lenye harufu ya siagi inayoungua kwenye taa ndogo ndogo, na ukutani wamechorwa viumbe wenye meno nje na mafuvu shingoni. Nilikuwa napiga ishara ya msalaba kimyakimya. Lakini mimi nakumbuka zaidi majiko yao. Kuta nyeusi kwa moshi wa mavi makavu ya ng'ombe, masufuria ya shaba ya kumtosha ng'ombe mzima, na chai. Chai ile wanaitia chumvi na siagi, wanaisukasuka kwenye gogo refu lililochimbwa ndani. Nilipoionja mara ya kwanza nilimwambia Mama kwa Kiswahili kwamba hata nguruwe wa Tongaren angeuliza maswali. Mama akacheka, akanywa yake yote. Unga wao wa shayiri iliyokaangwa niliupenda, unakandwa kwa vidole na chai hiyo hiyo. Watawa wadogo walikuja kushika nywele zangu, wakakimbia, wakarudi. Sikujali. Nilikuwa na kazi ya kuchemsha sindano na kutunza dawa ya Mama kwenye themosi niliyoijaza barafu.

Kila tulipofika, Mama aliketishwa mbele ya mkuu wa nyumba na Tashi akatafsiri. Je, kuna kijana kutoka Afrika, mwenye sura ya Kihindi, ana kovu chini ya sikio la kushoto? Nyumba ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Ya tatu walitupa matunda makavu ya manjano na wakasema hapana. Ya nne mkuu alilala tukizungumza. Ndipo nikaona kidole cha mguu wa Mama. Alikuwa amekwaruzwa na kiatu, kidonda kidogo tu, na kwa mwenye sukari kidonda kidogo ni kikubwa. Nikakiosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, na kila asubuhi weusi ulikuwa umepanda kidogo. Nikamwambia turudi Delhi kwenye hospitali. "Tumemaliza ngapi?" akauliza. Sita. "Sasa iko ya saba," akasema. "Mguu nitarudi nayo Kitale. Mutoto naweza pata hapa tu." Nikakasirika, nikamwambia atakufa kwa ukaidi. Akasema hiyo anajua.

Nyumba ya saba ilikuwa mwendo wa siku nzima, mwisho wa bonde ambalo mto wake ulikuwa rangi ya maziwa yaliyotiwa majivu. Mkuu wake alikuwa mzee mwenye meno mawili. Alimsikiliza Tashi hadi mwisho, akamtazama Mama kwa muda, akajibu kwamba hapa hakuna mtu anayebaki na jina alilokuja nalo. Tashi akalitafsiri kama hapana. Mama akatikisa kichwa tu. Nikamketisha kwenye ukuta mfupi wa uani, juani, mguu wake nikauweka juu ya begi, kisha nikapanda ngazi za mawe kwenda jikoni kuomba maji ya moto. Ngazi hizo hazilingani, moja ni ya mtoto na nyingine ya jitu. Nikishuka na birika mguu ukakosa, nikaanguka kwa goti, birika likagonga jiwe.

Nyuma yangu mtu akasema, "Pole."

Kwetu neno hilo halifikiriwi. Mtu akijikwaa barabarani, hata humjui, hata ni mwizi anakimbia, linakutoka lenyewe. Niliganda. Wahindi wa huko hawasemi pole, wala watawa. Nikageuka nikaona kijana amenyolewa, mwembamba, uso umeunguzwa na jua hadi mashavu yamepasuka, kabeba madumu mawili ya maji. Alikuwa ameshajutia. Kovu lilikuwa mahali pake. Sikulia, nitasema ukweli, nilitaka kumchapa. "Mama yako yuko pale chini," nikamwambia. "Ameoza mguu kwa ajili yako." Akaweka madumu chini polepole. "Nekesa, usimwambie."

"Wewe ni mtu wa aina gani?"

"Nikisikia akilia nitashuka na nyinyi," akasema. "Nikishuka watanirudisha kwa ile kiti. Wewe ulinikuta stoo. Unataka unikute tena?" Alikuwa ananong'ona. Mama alikuwa hatua kama ishirini kutoka pale, ametupa mgongo, uso kaupeleka juani. "Tafadhali, Nekesa. Usimwambie." Akainua madumu yake akanipita, akaingia mlango wa jikoni akijikunja, kwa sababu mlango ulikuwa mfupi. Nikaokota birika. Nilipofika chini Mama akauliza, "Umeanguka?" Nikasema niliteleza tu. "Umeumia?" Hapana, Mama. Nikamwosha mguu, na nikamshukuru Mungu kwamba hauoni uso wangu.

Kisha akasema anataka kubaki pale siku tatu. Nilidhani ni uchovu. Watawa walitupa chumba cha wageni chenye magodoro mawili na dirisha lililozibwa kwa karatasi. Kila asubuhi aliniambia nimpeleke uani, si pale penye jua, bali kando ya ukuta wa jikoni, na hapo akaketi akaanza kuongea. Mama Jayesh hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku hizo tatu aliongea kuliko miaka tisa. Alinieleza mimi, kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili chake cha dukani, mambo ambayo nilikuwa nayajua. Kwamba mbwa wetu alikufa. Kwamba mvua ilikuja mapema Kitale na mahindi ya watu ni mazuri. Kwamba jirani fulani amemwoza mtoto wake wa kike, na harusi ilikuwa kubwa. "Nekesa, wewe najua?" akasema siku ya pili, "hii duka mimi nimeuza. Kwisha. Hakuna mutu atakaa kwa ile kiti tena." Nilishtuka, kwa sababu duka halikuwa limeuzwa, na mimi ndiye niliyelifagia wiki tuliyoondoka. Nikadhani sukari imepanda kichwani. Nikamwambia, "Mama, tulia, unachoka." Akanishika mkono akaubana. "Mimi naongea na wewe," akasema. "Wewe sikia tu." Siku ya tatu aliongea kidogo zaidi, na mara nyingi alikaa kimya kwa muda mrefu kichwa kimeinama upande, kisha ananigeukia kama mtu aliyeulizwa swali na anangoja ajibiwe yeye. Nilimpa chai. Sikumwambia kitu. Nilipomuona Jayesh kwa mbali akitoka na karai la maganda ya viazi, niligeuza uso wangu.

Asubuhi ya nne tukaondoka.

Delhi walitaka kumkata mguu, akakataa, akataka kwake. Tukafika Kitale mwisho wa mwezi wa nane. Walimkata kidole, kisha mguu chini ya goti, kisha juu ya goti, na mwezi wa kumi na moja daktari akasema arudishwe nyumbani. Nilihamishia godoro langu chumbani mwake. Chumba kilinuka na hakuna uvumba ulioweza. Mchana mmoja, mvua ikipiga mabati ya stoo, nikiwa namlisha uji wa mchele kwa kijiko, akakizuia kijiko kwa mkono.

"Nekesa. Ile siku kwa ngazi. Nani alikuambia pole?"

Nilikuwa na kijiko hewani. Naweza kukuonyesha hata leo mkono wangu ulipokuwa. Alikuwa ananiuliza kwa upole, bila hasira, na macho yake yasiyoona yalikuwa yameelekezwa kwenye mdomo wangu. Ndipo nikaelewa zile siku tatu, kila neno la mbwa na mahindi na duka lililouzwa, na kila kimya. Alikuwa anamwambia mwanawe yuko huru. Na mimi alikuwa ananipa nafasi. Siku tatu nzima hakuniuliza, ili niseme mwenyewe. Ningeweza kusema hata wakati huo, ulimi ulikuwa wangu, hakuna aliyeushika. Nikasema, "Ni mtu wa kule tu, Mama."

"Ahaa," akasema. "Kumbe kule pia wanajua Kiswahili." Akafungua mdomo nimpe uji.

Alikufa baada ya siku nne. Baba mdogo ndiye aliyewasha moto. Kwao wakati ule wanawake hawakwenda mahali pa kuchomea, na mfanyakazi hata hakuulizwa, kwa hiyo nilibaki uani nikisafisha mchele ambao hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuupika siku hiyo, nikitazama upande ule hadi nikaona moshi juu ya miti. Kwetu angeliliwa usiku na mchana, ng'ombe angechinjwa, watu wangesimulia maisha yake hadi sauti ziwakauke. Yeye alimalizika mchana mmoja. Majivu yaliteremshwa mto Nzoia. Mwaka uliofuata niliacha kazi, nikaja Tongaren, nikaolewa, nikazaa, nikazika. Sikumsimulia mume wangu habari hii, naye alikuwa mtu mwema.

Basi Jayesh alipomaliza mrenda wake alinawa, akajifuta kwa leso, akauliza lile swali. "Alijua niko pale?" Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemtayarishia uwongo mzuri, kwamba mama yake alirudi akiamini hayuko, na akafa ametulia. Nilikuwa nimeupiga pasi uwongo ule. Nikafungua mdomo, uwongo ukakataa kutoka. Nikamwambia alijua. Nikamwambia habari ya ngazi, ya kijiko, ya Kiswahili cha kule. Akaniomba nirudie maneno yake, nikarudia. Akaomba tena. Mara ya tatu nilikuwa nalia kiasi kwamba sikuweza kuyamaliza, yeye macho makavu.

"Mimi nilikuwa ndani ya jikoni, nyuma ya ule ukuta," akasema. "Namenya viazi. Nilisikia kila kitu, ya mbwa, ya duka, yote. Nilidhani anaongea na wewe tu. Nikasema, kama anajua niko hapa ataniita. Angeniita jina mara moja ningetoka, Nekesa. Haki ya Mungu ningetoka."

"Naye alikuwa anangoja utoke mwenyewe."

Kuku wakaingia ndani, sikuwafukuza. Alikaa akinitazama, mzee mwenye kovu chini ya sikio, na katika sura yake nikaona hasira inaanza, ndogo, ya haki. "Nilikuwa na miaka ishirini na nne," akasema. "Nilikuwa mjinga, nilikuwa mgonjwa. Wewe ulikuwa mtu mzima. Ulikuwa unaona mguu wake kila siku. Kwa nini ulinisikiza?"

Nilitaka kumtajia ile stoo. Nilitaka kusema niliogopa angejiua, na ni kweli niliogopa, hilo ndilo nililojiambia kila mwaka na kila mwaka likanilaza usingizi. Lakini yeye aliponiuliza hivyo, uso kwa uso, ndani ya nyumba yangu, niliona kwamba halikuwa jibu. Wakati wa kijiko hofu hiyo haikuwepo hata kidogo.

"Kwa sababu uliniambia nisiseme," nikamwambia. "Kwenu mlikuwa mnasema, Jayesh, mimi nafanya."